Aliyeandikwa Kiziwi

Wapo watu wakisema wamechoka, unawaambia walale, na wakiamka wamekuwa wapya. Mama Pasi hakuwa wa kundi hilo. Yeye alikuwa anaamka amechoka, anachemsha chai amechoka, na hata siku ya mapumziko alikuwa anapumzika kwa kuchoka. Ukimuuliza habari atakwambia nzuri, maana ndivyo watu wanavyojibu, na usijifanye wewe hujawahi kujibu hivyo.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo madirisha yako juu karibu na dari na kitu pekee unachokiona nje ni viatu vya wapita njia. Kazi yake ilikuwa rola ya pasi: shuka inaingia huku imekunjamana, inatoka kule imenyooka, ya moto, na vidole vinazoea. Jina la Mama Pasi alibandikwa na wenzake. Mama wa nani? Wa pasi tu, maana hakuzaa wala hakuolewa. Na ukitaka kujua kwa nini hakuolewa, jibu lilikuwa limesimama hatua kumi kutoka kwake, kwenye meza ya kukunjia, kimya, likilinganisha pembe za shuka.

Huyo alikuwa mdogo wake, wa miaka thelathini na sita. Mama yao alipokuwa anakata roho hakusema mengi. Alimshika dada mtu mkono akasema, "Mdogo wako." Basi. Maneno mawili tu, na dada mtu akawa ameyabeba miaka ishirini na miwili, hana pa kuyatua.

Mdogo mtu alikuwa na usonji. Neno lenyewe dada mtu alilisikia kwa daktari mmoja wa kliniki, tena mdogo wake akiwa mtu mzima tayari. Kabla ya hapo alikuwa amepewa majina ya kila aina, na mengine siwezi kuyarudia hapa. Daktari yule alieleza taratibu: huyu si kichaa, hajalogwa, wala si kosa la mama yenu. Ameumbwa hivyo tangu tumboni. Kelele na mwanga na kuguswa vinamfikia kwa nguvu kuliko vinavyotufikia sisi. Maneno anayo, ila yanataka nafasi na utulivu ndipo yatoke. Mkimbadilishia mambo ghafla mnamvuruga, mkimwambia mapema anajipanga. Dada mtu alitoka pale mwepesi, akajisemea, alhamdulillahi, sasa nina la kuwaambia watu.

Akaanza kuwaambia. Loo! Hapo ndipo alipoanza kuchoka kweli. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na ukimchapa kidogo?" Kwenye kiwanda cha kushona sare, bosi alitikisa kichwa kwa makini kama mtu anayeelewa, halafu akauliza, "Sawa, lakini anauma?" Anauma! Kwenye duka la mikate mdogo mtu alidumu siku nne, na siku ya tano walimwambia dada mtu kwamba wateja wanaogopa jinsi anavyotazama pembeni. Kila mahali alieleza upya, kuanzia tumboni, na kila mahali walimsikiliza wakimwonea huruma yeye dada mtu. Mdogo mtu mwenyewe hawakumwangalia hata mara moja.

Kwa hiyo ilipotokea nafasi kwenye meza ya kukunjia, miaka sita nyuma, dada mtu alikuwa hana tena pumzi ya kueleza. Fomu iliuliza kama mwombaji ana ulemavu wowote, na mstari wa kujibia ulikuwa mfupi kama kidole gumba. Usonji ungeeneaje pale, pamoja na maelezo yake yote? Akashika kalamu akaandika: Kiziwi. Akatia sahihi kama mlezi. Hakuna aliyedai cheti, maana nani atajisingizia uziwi?

Jioni ile alimkalisha mdogo wake kitandani. "Kazini wewe husikii," alimwambia. "Ukiitwa usigeuke. Na usiseme neno."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka turudi nyumbani."

Mdogo mtu alifikiri, akakubali. Na akikubali jambo, ndiyo limekwisha. Yeye si kama mimi na wewe tunaoahidi asubuhi na kusahau mchana.

Uongo ule ulifanya kazi vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera dada mtu moyoni. Watu walewale ambao wasingemvumilia nusu dakika mwanamke anayechelewa kujibu walimvumilia kiziwi bila kinyongo. Hawakumshtua kwa nyuma. Waligonga meza kwanza ndipo wamkaribie. Walimwonyesha kazi kwa vidole, jambo moja moja, polepole. Kila alichoeleza daktari wa kliniki walikifanya bila kuambiwa, kwa sababu ya neno ambalo si lake. Mwenzake wa kukunja, mwanamke mnene mcheshi waliyemwita Mama Pacha, alikuwa tayari kumgombania na mtu yeyote. "Mwacheni kiziwi wangu," alikuwa akisema. "Nyie wenye masikio mnayatumia kwa lipi la maana?"

Kumbe kiziwi wake alikuwa anasikia kila kitu, mpaka panya akitembea darini. Na wakifika nyumbani, viatu vikishavuliwa, mdogo mtu alikuwa anayatoa yote, neno kwa neno na sauti kwa sauti. Hakuwa anasengenya, ndivyo alivyokuwa anaitua siku. Akianza na sauti ya Mama Pacha, ungeapa yuko chumbani: "Shemeji yangu yule? Alikuja kukopa sufuria akaondoka na mfuniko wa nyingine!" Dada mtu alicheka mpaka akashika mbavu. Siku nyingine hakucheka. Siku nyingine sauti ya Mama Pacha ilisema, "Maskini Mama Pasi, ujana wake wote umeishia kwa yule kiziwi. Mimi ningeshamtupa." Dada mtu aliinama akaendelea kumenya viazi, na mdogo mtu akaingia kwenye sauti inayofuata.

Basi mambo yakaenda hivyo miaka sita, mpaka ilipoletwa mashine mpya ya kukamulia maji kwenye nguo.

Ile ya zamani ilikuwa inanung'unika tu. Hii mpya, mama yangu! Ikianza kuzunguka, sakafu inatetemeka. Ikishika kasi inapiga mlio mwembamba unaoingia kwenye meno. Na ikimaliza inapiga king'ora mpaka mtu abonyeze kitufe. Wafanyakazi waliiita Ngurumo. Aliyepangwa kuisimamia alilalamika kichwa kinamuuma, wa pili naye hivyo hivyo. Msimamizi wa chumba, bwana mmoja mpole mwenye kalamu sikioni saa zote, alitafakari siku mbili akapata ufumbuzi uliomfurahisha sana. Tumweke kiziwi! Yeye haitamsumbua.

Usimlaumu haraka. Alidhani amempa mtu cheo. Hata koti jipya alimletea.

Dada mtu alipata habari hizo jioni, kwa sauti ya msimamizi mwenyewe ikitoka kinywani mwa mdogo wake: "Kwake yeye ile ni kama haipo kabisa." Kisha mdogo mtu akasema kwa sauti yake, "Sitaki," akavuta blanketi akajifunika kichwa.

"Vumilia kidogo," dada mtu akamwambia. "Nitatafuta njia."

Njia gani? Alianza na pamba. Alimjazia masikioni, akamfunga kitambaa juu yake. Siku ya tatu kitambaa kikalegea, Mama Pacha akaona. "Jamani! Kiziwi na pamba? Asisikie nini?" Dada mtu alijibu palepale kwamba sikio linatoa usaha. Uongo huo mpya ukazaa wake: msimamizi, kwa huruma zake, akaomba dawa ya matone kwa manesi wa juu, na ikabidi dada mtu awe anaimwaga kwenye sinki kila siku kidogo kidogo ili chupa iishe kama inavyotakiwa.

Wiki tatu. Mdogo mtu aliacha kula mchana. Alijikwaruza mikono mpaka ikawa na mistari myekundu. Nyumbani hakuleta tena sauti za watu. Alileta ile ya Ngurumo tu, mlio mwembamba kooni, akiyumba mbele na nyuma, hata saa nzima. Dada mtu alikuwa amekaa karibu naye, hamgusi kwa sababu anajua asiguswe, na kuna jambo alilifikiria ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alifikiria: laiti angekuwa kiziwi kweli. Aliona aibu hapohapo. Lakini alikuwa amelifikiria, na uchovu unakufikisha huko.

Halafu mdogo mtu akaanza kuizima. Alibonyeza kitufe chekundu mashine ikiwa katikati ya mzunguko, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama. Mara ya kwanza walidhani amekosea. Mara ya pili shuka za chumba cha upasuaji zilichelewa, simu zikapigwa kutoka juu. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, na msimamizi alimwita dada mtu pembeni, karatasi mkononi.

"Mama Pasi, nimejaribu. Mwenyewe umeona. Lakini huko juu wameshika shingo yangu. Kesho iwe siku yake ya mwisho."

"Mrudishe mezani."

"Nimrudishe kwa sababu gani? Nitaandika nini? Mashine haimdhuru, kazi ni kusimama na kubonyeza, na anaizima kwa makusudi. Nipe sababu, nami nitaiandika."

Dada mtu alikuwa nayo sababu. Ilimjaa kinywani. Lakini akitamka, sahihi iliyoko kwenye fomu ile ni yake, na aliyedanganya hospitali ni yeye. Wanaweza kutoka wote wawili mlangoni siku moja. Na wasipotolewa, itabidi aanze upya kueleza, kuanzia tumboni, kwa watu kumi na mmoja wa chumba kile. Alisema, "Kesho nitakupa jibu," akarudi kwenye rola yake, akaunguza foronya mbili.

Ijumaa asubuhi hakuwa na mpango wowote. Ningependa kukwambia alipiga moyo konde. Hakupiga. Alikuwa amesimama kwenye rola, Ngurumo ikaanza kupanda kasi, naye akamwona mdogo wake kwa pembeni: amekunja vidole vya miguu ndani ya kandambili, macho ameyafumba, mkono unakwenda kwenye kitufe chekundu na kurudi, unakwenda na kurudi, anajizuia. Anajizuia kwa sababu jana dada yake alimsihi asizime tena. Dada mtu akaacha shuka iingie kwenye rola peke yake, akatembea mpaka pale, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Kimya kikaingia ghafla. Watu wakageuka.

"Si kiziwi," dada mtu akasema.

Hakuna aliyemwelewa. Akarudia kwa nguvu. "Mdogo wangu si kiziwi. Anasikia. Anasikia kuliko sisi sote hapa. Ana usonji. Nilidanganya, ni mimi niliyeandika, na mashine hii inamuua mbele ya macho yangu wiki ya tatu sasa. Haya. Sababu yako ndiyo hiyo, iandike."

Msimamizi alitoa kalamu sikioni, akaitazama kama hajui ni ya nini. "Mimi nilimweka pale nikijua simuumizi," alisema. "Umenifanya nimtese mtu, Mama Pasi. Miye!" Alikuwa amekasirika, na chini ya hasira machozi yalikuwa karibu, na alichosema kilikuwa kweli.

Lakini kishindo chenyewe kilitoka mezani. Mama Pacha alikuwa amesimama na mikono kifuani, macho yamemtoka. Ungeona anavyohesabu kichwani: miaka sita, saa nane kwa siku, yote aliyoyamwaga juu ya meza ile. Habari za mumewe. Habari za shemeji. Ile ya uvimbe aliokatwa, ambayo hata mama yake mzazi hakuambiwa.

"Ametusikia!" alisema. "Jamani, ametusikia yote! Mimi siwezi. Mtoeni. Nimekaa na jasusi miaka sita nikimwita kiziwi wangu!"

Wengine wakaanza kunong'ona, mmoja akasema kweli, heri aende. Dada mtu aliona mambo yanamponyoka. Alikuwa amejiandaa kwa karatasi za ofisini. Hakujiandaa kwa haya. Msimamizi akainua mkono watu wanyamaze. Halafu akafanya jambo ambalo, ukiangalia, hakuna mtu aliyewahi kulifanya mle ndani. Akamgeukia mdogo mtu. Hakupaza sauti, hakutumia vidole.

"Wewe unataka kukaa wapi?"

"Yeye anapenda mezani," dada mtu akadakia, "pale upande wa ukuta, maana akiwa na—"

"Ameniuliza mimi," mdogo mtu akasema.

Chumba kizima kiliduwaa. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya kawaida tu, sauti ya mwanamke wa miaka thelathini na sita. 

Mdogo mtu alichukua muda wake. Alitazama sakafu, akatazama dirisha, viatu vikapita huko juu. Msimamizi akangoja. Mtu mmoja alitaka kusema kitu, akakanyagwa mguu.

"Mezani," akasema mwishowe. "Mashine inaniuma hapa na hapa," akagusa sikio moja na la pili, "na kwenye meno."

"Mbona hukusema?" msimamizi akauliza kwa upole. "Wiki tatu zote hizi?"

"Dada alisema nisiseme."

Alilisema bila lawama, kama mtu anayetaja saa. Hakumtazama dada yake, na hakujua kama kuna mtu amechomwa. Dada mtu alishika ukingo wa mashine. Alikuwa amejiambia miaka yote hiyo kwamba amemfungia mdogo wake mlango watu wabaya wasiingie, kumbe amemfungia humohumo ndani, na ufunguo anao yeye.

"Nilikosea, mdogo wangu," akasema.

"Ndiyo," mdogo mtu akakubali. "Ulikosea."

Akavua lile koti jipya, akalikunja, akamkabidhi msimamizi. Akaenda mpaka kwenye meza, akachukua shuka ya juu kwenye kapu, akashika pembe zake mbili, akasimama akingoja. Shuka za wodi ni kubwa, hazikunjwi na mtu mmoja. Upande wa pili ulikuwa unaning'inia hewani, karibu na tumbo la Mama Pacha.

Mama Pacha hakukunjua mikono. "Ulisikia na ya uvimbe?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia nani?"

"Dada. Namwambia dada yote."

Watu wote wakamgeukia Mama Pasi, aliyetamani sakafu ipasuke. Mama Pacha alimkazia macho, akasonya msonyo mrefu wa kupimia kitambaa. "Kwa hiyo mnakula umbea wangu nyumbani mkiwa mmekunja miguu. Miaka sita! Na wewe Mama Pasi kila asubuhi unaniuliza habari za shemeji kama hujui kitu." Kwenye kona moja mtu aliangua kicheko akakizima. Mama Pacha yeye hakucheka. Uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo, na alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini. "Nilisema ningekutupa. Hilo nalo ulilisikia."

"Ndiyo," akasema mdogo mtu. "Jumatatu. Ulikuwa unakunja mashuka ya wodi ya watoto."

 Msimamizi alimwambia dada mtu kwa sauti ya chini kwamba fomu ni fomu, barua ya onyo itaandikwa, na huenda yeye Mama Pasi atahamishiwa upande wa kupokelea nguo chafu. Dada mtu aliitikia bila kusikia vizuri. Alikuwa anatazama meza.

Mama Pacha akafuta mikono kwenye aproni. Akashika pembe mbili zilizobaki.

"Haya," akamwambia mdogo mtu, akimtazama usoni, ingawa mwenzake alikuwa anatazama shuka. "Miaka yote nimekukunjia nitakavyo mimi. Wewe unapenda tuanze vipi?"

Dada mtu alijua jibu. Alikuwa analijua tangu mdogo wake ana miaka minne, na lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akaliacha hapo, akangoja pamoja na wengine.